Kikombe cha Bizen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kikombe cha aina moja tu: kile kinachofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni katika mtaa wa Imbe, mji wa Bizen, mkoa wa Okayama, magharibi mwa Japani. Hakijapakwa rangi. Hakina ganda la kung'aa. Kina hudhurungi, kijivu, wekundu wa hapa na pale, na pengine vipele vya majivu begani. Wengi wanaokiona kwa mara ya kwanza huuliza kama fundi amekimaliza. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara ninapozungumzia chombo hiki, na majibu nimeyaandika kwa urefu unaolingana na swali lenyewe.

Kwa nini Bizen, na si mahali pengine?

Mahali pengine papo. Japani ina vituo sita vya ufinyanzi vinavyohesabiwa kuwa vya kale zaidi kati ya vile ambavyo moto wake haujazimika tangu enzi za kati: Bizen, Echizen, Seto, Shigaraki, Tamba na Tokoname. Mwaka 2017 vyote sita viliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Japani. Shigaraki nako hutoka vikombe vizuri vya kuchomwa kwa kuni, vyenye udongo wa chembe kubwa nyeupe na majivu ya kijani kibichi yaliyoyeyuka. Nimechagua Bizen kwa sababu huko ndiko walikoshikilia udongo mtupu kuliko kwingine kote, na kila kitu unachokiona juu ya chombo kinatokana na udongo na moto peke yake.

Mizizi yake ni vyombo vya Sue. Katika karne ya 5 mafundi kutoka rasi ya Korea walivuka na ufundi wa aina mbili ambao Japani haikuwa nao: gurudumu la mfinyanzi, na tanuri la handaki lililochimbwa katika mteremko wa kilima. Tanuri hilo lilifikia joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na kutoa vyombo vya kijivu, vigumu, visivyopitisha maji kirahisi. Eneo la Bizen lilikuwa moja ya maeneo yaliyochoma Sue kwa wingi, na kuelekea mwisho wa karne ya 12 matanuri yakawa yamehamia Imbe. Kuanzia hapo walitengeneza vyombo vya kazi: mitungi ya maji, mitungi ya mbegu, na suribachi, yaani bakuli zito lenye mifereji ndani la kusagia ufuta na viungo. Wajapani wana msemo kwamba bakuli la kusagia la Bizen halivunjiki hata ukilitupa. Sifa ya kwanza ya Bizen ilikuwa ugumu; uzuri ulitambuliwa baadaye.

Kwa nini hakina glezi?

Glezi ni ile rojo ya madini inayopakwa juu ya chombo, ikayeyuka tanurini na kuwa ganda la kioo. Udongo wa Imbe hauipendi. Udongo wenyewe, uitwao hiyose, unachimbwa chini ya mashamba ya mpunga, mita chache kwenda chini, wakati wa baridi mavuno yakishaondolewa. Ni matope laini yaliyoteremshwa na maji kutoka milima ya jirani kwa maelfu ya miaka, meusimeusi, yenye chuma kingi na mabaki ya mimea iliyooza. Unafinyangika vizuri mno. Lakini unanywea sana, yaani unapungua ukubwa, unapokauka na unapoungua, na haustahimili kupashwa joto kwa haraka: utapasuka au utavimba mapovu. Chombo kinachonywea kiasi hicho hulikataa ganda la kioo, glezi hubanduka.

Wafinyanzi wangeweza kuutupa udongo huo na kutafuta mwingine. Badala yake walijifunza kuuendea polepole, na upole huo ndio uliozaa mambo yote yanayofuata katika ukurasa huu. Ukitaka kukielewa kikombe cha Bizen, anza na tabia ya udongo, kwa maana hata urefu wa siku za kuchoma umeamuliwa nayo.

Kabla ya kufinyangwa, udongo huachwa nje miaka kadhaa upigwe na mvua, jua na baridi. Kisha huvunjwa, huokotwa mawe na mizizi, huchanganywa na udongo wa milimani kadiri fundi anavyopenda, hukandwa kwa miguu na mikono, na hulazwa tena. Wapo wanaofinyanga udongo uliochimbwa na baba zao.

Rangi zinatoka wapi kama hakuna aliyepaka?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kila alama ina chanzo chake, na mtu akishazijua anaweza kukishika kikombe na kueleza kilikaa wapi ndani ya tanuri.

Goma, yaani ufuta, ni vile vipele vya manjano, kahawia au kijivu vilivyotapakaa juu ya ukingo na bega. Kuni zikiungua, majivu yake hupeperushwa na mkondo wa moto na kutua juu ya vyombo. Majivu yana kalisi na potasi. Joto likipita nyuzi 1,200 hivi huungana na silika ya udongo na kuyeyuka. Yakiwa machache yanabaki vipele. Yakiwa mengi yanatiririka na kuacha michirizi. Kikombe chenye goma nzito upande mmoja na ngozi kavu upande wa pili kilisimama karibu na kinywa cha tanuri, na upande ule mzito ndio ulioutazama moto.

Sangiri ni kijivu, buluu ya giza na weusi vinavyokutana katika mawimbi. Hutokea pale chombo kilipozikwa kwa majivu na makaa hata hewa ikashindwa kukifikia. Chuma kilicho katika udongo kikipata hewa ya kutosha huwa chekundu au hudhurungi. Kikinyimwa hewa hugeuka kijivu. Zamani sangiri ilipatikana sehemu chache tu za tanuri, kwenye vizuizi baina ya chumba na chumba ambako makaa yalirundikana, na kwa hiyo ilikuwa adimu. Siku hizi fundi anaweza kumwaga makaa juu ya vyombo mwishoni mwa uchomaji ili kuipata. Hakuna aibu katika hilo, ingawa jicho lililozoea huona tofauti: sangiri ya makaa ya kumwagwa mara nyingi huwa na mipaka mikali zaidi.

Hidasuki ni mistari myekundu, kama kamba iliyopita juu ya udongo wa rangi ya krimu. Ilianza kama njia ya kupanga vyombo tu. Mafundi walifunga mabua ya mpunga katikati ya vyombo vilivyopangwa pamoja ili visigandane. Mabua yaliungua yakatoweka, lakini palipogusana na udongo pakabaki wekundu. Sababu yake imechunguzwa maabara: mabua ya mpunga yana potasi nyingi, nayo huyeyusha utando mwembamba wa udongo, tanuri likipoa polepole, ndani ya utando huo huota fuwele ndogo za korundamu (oksidi ya alumini), na kuzizunguka huota fuwele za hematiti, ile oksidi ya chuma nyekundu. Ili mistari ibaki safi, kikombe hufichwa ndani ya chombo kikubwa au sanduku la udongo, mbali na majivu.

Zipo nyingine. Botamochi ni duara jekundu lisilo na majivu, alama ya chombo kidogo kilichokuwa kimekalia kingine. Utaiona zaidi kwenye sahani. Aobizen ni Bizen ya buluu-kijivu, iliyochomwa mahali pasipo na hewa, na ni nadra kweli. Kikombe kimoja kinaweza kubeba alama mbili au tatu kwa pamoja.

Kuni gani hutumika?

Msonobari mwekundu wa Japani. Una utomvu mwingi, kwa hiyo unawaka kwa mwali mrefu unaoweza kupenya hadi nyuma ya tanuri, na majivu yake yana madini yanayoyeyuka vizuri. Kuni hupasuliwa na kukaushwa kwa muda mrefu. Uchomaji mmoja hula tani kadhaa za kuni. Gharama hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya bei ya kikombe.

Uchomaji unachukua siku ngapi?

Mara nyingi kati ya siku 10 na 14, usiku na mchana, na tanuri halipumziki hata saa moja. Siku za kwanza ni moto mdogo tu mlangoni, wa kuondoa unyevu katika kuta na katika vyombo. Kisha joto hupandishwa kwa hatua ndogondogo, siku baada ya siku, kwa sababu ya ule udongo usiotaka haraka. Likifika kati ya nyuzi 1,200 na 1,300 fundi hulishikilia hapo ili majivu yapate muda wa kutua na kuyeyuka. Mwishoni kuni nyembamba hutiwa pia kupitia matundu ya ubavuni, chumba kimoja baada ya kingine. Watu hupokezana zamu. Kuni huongezwa kila baada ya dakika chache, na fundi hulisoma tanuri kwa rangi ya moto, kwa urefu wa mwali unaotoka dohani, kwa moshi na kwa sauti.

Baadaye matundu yote huzibwa, na tanuri huachwa lipoe lenyewe kwa wiki nzima au zaidi. Kulifungua mapema ni kupasua vyombo. Wafinyanzi wengi wa Imbe huwasha mara moja au mbili kwa mwaka. Ukihesabu hivyo utaona kwamba kazi ya miezi mingi huingia ndani ya tanuri kwa pamoja na kutoka kwa pamoja.

Basi ni bahati nasibu?

Hapana, na nalisisitiza hili kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yanamwonyesha mfinyanzi kama mtu anayeuachia moto kila kitu. Kupanga tanuri ni kazi ya siku nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko kufinyanga. Fundi anajua pahali penye majivu mengi, pahali moto unapopinda, pahali makaa yatakapolala. Anaamua kikombe hiki kisimame na kile kilazwe, hiki kifichwe nyuma ya mtungi ili kipate kivuli, hiki kikae chini kabisa karibu na kuni. Anachora kwa nafasi. Anachokosa ni uwezo wa kurudia: pepo za wiki hiyo, unyevu wa kuni na jinsi mtungi mmoja ulivyoinamia mwingine hubadilisha mkondo wa moto. Vyombo vingine hupasuka, vingine hugandana. Fundi mzuri huvipitia kimoja kimoja na kuvitoa visivyofaa kabla mnunuzi hajaviona.

Nimesikia habari za matanuri makubwa mno. Ni kweli?

Ni kweli. Tangu karne ya 16 wafinyanzi wa Imbe waliungana na kujenga matanuri ya pamoja, kusini, kaskazini na magharibi mwa mtaa. Tanuri kuu la kusini lilikuwa na urefu wa karibu mita 54 na upana wa mita 5 hivi. Mabaki yake yako hapo mlimani, yamehifadhiwa kisheria kama eneo la kihistoria la taifa, na yamezungukwa na vilima vya vigae vya vyombo vilivyovunjika na kutupwa karne kwa karne. Kuchoma tanuri la namna hiyo kulichukua zaidi ya mwezi.

Kwa kuwa vyombo vya watu wengi vilichanganyika humo, kila nyumba ilichora alama yake ndogo kwenye kitako: msalaba, duara, mistari miwili. Alama hizo leo ni msaada mkubwa kwa wachunguzi wa vyombo vya kale. Uongozi wa kazi ulishikwa na nyumba sita, Kaneshige, Mori, Kimura, Tongu, Terami na Oae, na majina hayo bado utayakuta kwenye vibao vya maduka ya Imbe.

Yupo pia aliyejaribu upya. Mori Togaku alijenga Ushimado, si mbali na Imbe, tanuri la urefu wa mita 85, akaliwasha mwaka 2015, ili ajue mababu walifanyaje mitungi mikubwa. Napenda sana jambo hilo: swali la historia lililojibiwa kwa kuni.

Nani alikipandisha hadhi chombo cha jikoni mpaka kikawa cha heshima?

Watu wa chai. Katika karne ya 15 matajiri wa Japani walionyeshana vyombo vya thamani kutoka China. Murata Juko (1423–1502), anayetajwa kama mwanzilishi wa namna mpya ya kunywa chai, aliona uzuri katika vyombo vikavu vya nyumbani vya Bizen na Shigaraki. Katika barua aliyomwandikia mwanafunzi wake alionya pia kuhusu wanaoanza tu, wasiojua lolote, wanaokimbilia vyombo hivyo ili waonekane wameiva. Onyo lina zaidi ya miaka 500 na bado lina kazi. Sen no Rikyu (1522–1591) akaikamilisha njia hiyo, na kipindi cha Momoyama (1573–1603) kikawa kilele cha Bizen: mitungi ya maji ya chai, vyombo vya maua na chupa za sake (pombe ya mchele) vya wakati huo ndivyo mafundi wa leo wanavyovitazama kama kipimo.

Kisha mambo yakageuka. Mwanzoni mwa karne ya 17 Arita, katika kisiwa cha Kyushu, walianza kutengeneza kauri nyeupe, nyepesi, yenye michoro ya buluu. Kila mtu aliitaka. Imbe waliendelea chini ya ulinzi wa ukoo wa Ikeda, watawala wa Okayama, wakitengeneza zaidi sanamu ndogo ndogo za ustadi mkubwa. Baada ya utawala huo kuvunjwa katika enzi ya Meiji (1868–1912), mafundi walifikia kufyatua matofali na mabomba ya maji machafu ili wale.

Aliyeirudisha Bizen katika heshima yake ni Kaneshige Toyo (1896–1967), mtoto wa moja ya zile nyumba sita. Alikuwa tayari na jina kwa sanamu. Akaziacha, akaanza kuchunguza vigae vya matanuri ya kale, akabadilisha mchanganyiko wa udongo na mpango wa tanuri lake mpaka rangi za Momoyama zikarudi. Mwaka 1952 mchongaji Isamu Noguchi alikwenda Imbe akafanya kazi katika tanuri lake. Mwaka 1956 serikali ilimtangaza Kaneshige kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima wanayopewa mabingwa wa sanaa za jadi. Baada yake heshima hiyo iliwafikia Fujiwara Kei mwaka 1970, Yamamoto Toshu mwaka 1987, Fujiwara Yu, mwana wa Kei, mwaka 1996, na Isezaki Jun mwaka 2004. Watano kutoka mtaa mmoja na jirani zake: hakuna haja ya kueleza zaidi.

Kikombe chenyewe kinaitwaje?

Cha chai ya kila siku, kirefu kidogo, kisicho na mkono, ni yunomi. Kidogo cha sake ni guinomi. Bakuli pana la chai ya unga ya matcha ni chawan, nalo lina daraja lake. Ukianza, anza na yunomi.

Kinavuja? Kina sumu?

Kilichochomwa vizuri hakivuji. Kwa joto lile udongo huwa umejibana mpaka karibu na kuwa jiwe. Kikombe kipya kinaweza kuacha unyevunyevu mezani siku za mwanzo; huisha kwa kutumika. Na kwa kuwa hakuna glezi wala rangi iliyopakwa, ile hofu ya madini ya risasi yanayopatikana katika glezi za baadhi ya vyombo vya bei rahisi haipo hapa.

Kuna tofauti gani na chungu cha kwetu?

Vyote viwili havina glezi, na hapo ndipo watu wanapovichanganya. Vyungu vya wafinyanzi wa Upare au wa Kisi, kandokando ya Ziwa Nyasa, huchomwa nje kwa kuni na nyasi, kwa muda mfupi, na joto lake huwa chini sana kuliko la tanuri. Udongo unabaki na vitundu. Hilo ni kwa makusudi: chungu chenye vitundu hustahimili kubandikwa juu ya mafiga, na mtungi wa namna hiyo hupoza maji kwa sababu yanapenya na kuvukiza. Ukikibandika kikombe cha Bizen motoni kitapasuka papo hapo. Kila kimoja kimechomwa kwa kazi yake, na sioni maana ya kusema ufinyanzi mmoja umeendelea kuliko mwingine.

Uhusiano wa kweli baina ya Japani na wafinyanzi wa Afrika umepitia njia ndefu. Mwingereza Bernard Leach alijifunza ufinyanzi Japani, akarudi kwao mwaka 1920 pamoja na Hamada Shoji, wakajenga tanuri la Kijapani la kupanda kilima huko St Ives. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alianzisha kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (mji ambao sasa unaitwa Suleja). Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma katika kituo hicho miaka ya 1970. Vyombo vyake navyo havina glezi: hung'arishwa kwa kusuguliwa, na weusi na rangi ya chungwa juu yake huletwa na hewa kuwepo au kukosekana ndani ya tanuri. Chuma na hewa hufanya kazi ileile Imbe.

Nikitunzeje?

Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, pitisha kidole kitakoni. Kama kinakwaruza, kisugue kwa msasa laini kisije kikachora meza. Kisha kiloweke katika maji safi kwa saa chache. Kukilowesha kidogo kabla ya kila matumizi ni tabia nzuri pia: maji huingia kwanza katika vijitundu vilivyobaki, na chai haitaacha madoa haraka. Tena udongo uliolowa hupata rangi ya ndani zaidi, na wenyeji hupenda kumkaribisha mgeni kwa chombo kikiwa hivyo.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sifongo laini. Sabuni kidogo haidhuru, ila usikiloweke ndani ya maji ya sabuni usiku kucha. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kukausha. Usikifungie kabatini kikiwa na unyevu, hasa pwani ambako hewa yenyewe imelowa, kwa maana kitaota ukungu na kunuka. Kipindue mahali penye upepo kwa siku nzima. Kikishapata harufu, kichemshe polepole kuanzia maji ya baridi, kiache kipoe humohumo, kisha kianike vizuri.

Epuka kukitoa jokofuni na kukimiminia maji yanayochemka. Mashine ya kuoshea vyombo hugonganisha vikombe, kwa hiyo iache.

Naweza kunywea chai ya maziwa? Kahawa?

Ndiyo. Kahawa tupu inakifaa sana. Maziwa yanahitaji uoshe mara moja unapomaliza, yasikae yakakaukia ndani. Kwa chai yenye hiliki na tangawizi nakushauri utenge kikombe kimoja kwa kazi hiyo, kwani harufu ya viungo huendelea kukaa.

Je, kinabadilisha ladha ya kinywaji?

Katika maduka utasikia kwamba maji huwa laini na pombe huwa tamu zaidi. Mimi ninachoweza kukithibitisha ni mambo mawili. Uso wake una chembechembe ndogo zinazosaidia mapovu ya bia kutoka madogo na mengi, ndiyo maana bilauri za bia za Bizen zinapendwa. Na mdomo wa kikombe, usio na kioo juu yake, unagusa tofauti: unashika kidogo, hautelezi, na joto linafika taratibu mkononi kwa kuwa ukuta ni mnene. Mengine mwachie mnywaji.

Kinachobadilika bila shaka ni kikombe. Kadiri kinavyoshikwa na kuoshwa, ukavu wa mwanzo hupungua na uso hupata ulaini na mng'ao mdogo. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaonunua yunomi na kuiweka kabatini.

Bei yake ni kiasi gani, na nitajuaje si cha kuigiza?

Yunomi ya mfinyanzi wa kawaida Imbe huuzwa kwa yeni elfu kadhaa. Kwa mafundi wenye majina bei hupanda hadi makumi ya maelfu na zaidi, na kazi za Hazina Hai ni habari nyingine kabisa. Kazi ya thamani huja na kisanduku cha mti wa kiri, ambacho fundi mwenyewe ameandika kwa wino jina la chombo na kugonga muhuri. Kisanduku kikipotea, thamani hushuka, kwa hiyo usikitupe.

Kuhusu uigizaji, elewa kwanza kwamba si kila kitu cha Bizen kisichochomwa kwa kuni ni udanganyifu. Hidasuki nzuri hupatikana katika tanuri la umeme au la gesi, na mafundi waaminifu husema hivyo wazi. Tatizo ni muuzaji anayesema kuni wakati si kuni. Kigeuze kikombe. Majivu ya kweli yana upande: yamekuja kutoka sehemu moja, yamekaa zaidi juu kuliko chini, na nyuma ya chombo pana kivuli. Majivu ya kunyunyizwa mara nyingi yametapakaa sawasawa pande zote. Angalia kitako: tafuta alama ya fundi, na ile michirizi ya uzi iliyobaki chombo kilipokatwa kutoka gurudumuni. Kishike. Kikombe kizuri huhisi chepesi kuliko macho yalivyotarajia, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kwa sauti ya juu, karibu ya chuma.

Ukingo umepasuka. Nikitupe?

Usikitupe. Japani kuna ufundi wa kintsugi: vipande huunganishwa kwa utomvu wa mti wa urushi, huachwa vikauke mahali penye unyevu kwa majuma, na kiungo hupakwa unga wa dhahabu au fedha. Angalia tu kwamba urushi mbichi huwasha ngozi vibaya, na kwamba gundi nyingi za dukani zinazouzwa kwa jina hilohilo hazifai kwa chombo cha kunywea.

Ufundi huu uko hatarini?

Vitu viwili vinapungua. Hiyose ni tabaka lililojikusanya kwa muda mrefu na halirudi likichimbwa. Mafundi wenye akiba huitunza, na vijana wengi huanza kwa kuchanganya udongo wa sehemu nyingine. Pili ni msonobari. Mnyoo mdogo unaobebwa na mbawakawa umeua misonobari kote magharibi mwa Japani kwa miongo mingi, na kuni nzuri zinazidi kuwa ghali. Ongezea moshi: tanuri la kuni halikubaliki tena karibu na makazi mengi. Hata hivyo katika mji wa Bizen bado kuna wafinyanzi mamia, miongoni mwao wanawake na watu wasiozaliwa katika zile nyumba sita. Nina wasiwasi na udongo kuliko ninavyohofia mikono.

Nikifika Japani nianzie wapi?

Panda treni ya njia ya Ako kutoka Okayama, safari ya dakika 40 hivi, ushuke kituo cha Imbe. Jengo la kituo lenyewe lina ukumbi wa maonyesho na mauzo wa wafinyanzi wa Bizen, ambako utaona kazi za mikono mingi mahali pamoja. Ukae hapo kwanza ulifundishe jicho lako kabla ya kununua chochote. Kisha tembea kwa miguu. Madohani ya matofali yataonekana juu ya mapaa. Katika hekalu la Amatsu simba walinzi, vigae vya paa na kuta vimetengenezwa kwa udongo wa Bizen, na njia iliyo hapo inaendelea kupanda kuelekea mlimani. Mabaki ya tanuri kuu la kusini yako upande wa pili, nyuma ya kituo. Tamasha la ufinyanzi hufanyika Oktoba, Jumapili ya tatu na Jumamosi inayoitangulia. Bei hupunguzwa, na umati ni mkubwa. Ukitaka kuzungumza na fundi kwa utulivu, chagua wiki nyingine, na ukikuta moshi unatoka mahali, omba ruhusa kabla ya kusogea karibu.